Wafanyakazi wa hospitali yetu hawajitokezi kujitolea. Tufanyeje?

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mimi ni ofisa utumishi katika hospitali yenye wafanyakazi wapatao mia nne. Uongozi unataka hospitali iwe karibu zaidi na jamii inayoizunguka, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuwahamasisha wafanyakazi wajitolee: kutembelea wazee, kufundisha shuleni, kupima afya, kufanya usafi wa mazingira. Tulibandika matangazo, tukatuma ujumbe kwenye kundi la simu, tukaahidi fulana. Waliojiandikisha ni sita, na wanne kati yao ni wenzangu wa ofisini. Sasa mkurugenzi anauliza kama tuifanye iwe lazima, au tuiingize kwenye tathmini ya mwaka, au tutoe posho. Natakiwa kuwasilisha mpango mwisho wa mwezi na sijui nianzie wapi. Nisaidie.

JIBU: Ndugu yangu, sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya barua yako. Kati ya sita waliojiandikisha, wanne ni wa ofisini. Mtu wa ofisini anajua tangu leo kwamba Jumamosi ya wiki tatu zijazo atakuwa huru. Muuguzi wa wodi, mtaalamu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa na mhudumu wa usafi anayefanya kazi kwa zamu hawajui. Wanasubiri ratiba itoke, na hata ikishatoka bado kuna mwenzao atakayeugua na simu itakayopigwa usiku. Tangazo lako lilisomwa na watu wengi wasioweza kuahidi, nawe ukalipokea jibu lao kana kwamba wamekataa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Viongozi wengi wa hospitali wakiona watu hawajitokezi huongeza uhamasishaji: mabango makubwa zaidi, hotuba ndefu zaidi, fulana za rangi inayong'aa zaidi. (Fulana hizo, kwa niliyoyaona, huishia kuwa nguo za kulalia.) Mtu aliyechagua kufanya kazi mahali pa kusafisha vidonda na kupokea watu wenye hofu hahitaji kuelezwa kwamba kusaidia ni jambo jema. Anachokosa ni nafasi, na mara nyingine uhuru wa kusema ndiyo au hapana bila kuhesabiwa. Mpango wako ushughulike na hayo mawili kwanza.

Kabla ya yote, tafuta kujua watu wanafanya nini tayari. Usiwape fomu ndefu wala usidai majina. Zungumza nao kwenye chumba cha chakula, kaa kidogo na wapishi, ongea na walinzi wa lango. Utagundua kwamba mkunga fulani ndiye anayegongewa mlango na majirani mtoto akipandwa na homa usiku, kwamba fundi umeme ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya mwanawe, kwamba mhasibu anatunza vitabu vya kikundi cha dini bila malipo. Watu hawa wanajitolea kila wiki, ila tu hawafanyi hivyo chini ya bendera ya hospitali. Ukiwaendea na programu mpya kana kwamba hawajawahi kumsaidia mtu, utawaudhi. Ukiwauliza, "Hiki unachofanya, hospitali ingekusaidiaje ukifanye kwa urahisi zaidi?", umepata kikosi chako cha kwanza bila kubandika karatasi. Huenda mmoja anahitaji tu asipangiwe zamu ya jioni siku ya mkutano, mwingine anataka chumba cha kufanyia semina ya ukunga salama, na wa tatu angefurahi kupewa vipeperushi vya lishe vinavyojaa vumbi kwenye stoo yenu.

Historia ya tiba ina mfano mzuri wa jambo hili. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kule Uingereza na kuumia mgongo, aligeukia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini London. Mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya saa za kazi, alikuwa akienda kujitolea katika nyumba moja ya kuwatunza maskini waliokuwa wanakaribia kufa. Huko aliona wagonjwa wakipewa dawa za maumivu kwa vipindi vilivyopangwa, kabla maumivu hayajarudi, jambo ambalo halikuwa kawaida hospitalini. Alirudi darasani, akahitimu udaktari 1957, na 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's, ambako huduma ya kisasa ya wagonjwa mahututi wasiotarajiwa kupona ilijengewa misingi yake. Hakuna idara ya utumishi iliyomhamasisha. Hata hivyo ukimwendea mkurugenzi wako, mwambie hivi: mfanyakazi anayetoka nje ya kuta za hospitali hurudi na maarifa ambayo hospitali isingeyapata kwa njia nyingine. Hoja hiyo ina uzito kuliko "kuonekana katika jamii."

Sasa twende kwenye ratiba ya zamu, maana hapo ndipo mpango wako utakapokufa au kupona.

Fanya urafiki na wale wanaopanga zamu. Katika hospitali nyingi ni wasimamizi wa wodi, na wana kalamu yenye nguvu kuliko ya mkurugenzi. Waombe jambo moja: nafasi za kujitolea zitangazwe kabla ratiba ya mwezi haijachorwa, ili anayetaka kwenda aandike ombi lake sambamba na maombi ya likizo na mapumziko. Tangazo likitoka baada ya ratiba, hata mwenye hamu atalazimika kumbembeleza mwenzake wabadilishane zamu, na kubembeleza kunachosha. Pili, kata kazi ziwe ndogo. "Jumamosi nzima" ni mlima kwa mtu aliyetoka zamu nne mfululizo, lakini "saa mbili, Jumanne alasiri, shule iliyo karibu na lango, na unarudi" ni jambo la kufikirika. Tatu, weka kazi nyakati tofauti. Mtu wa zamu ya usiku anaweza kuwa huru katikati ya wiki wakati watu wa ofisini wamefungwa, na kuna vituo vya wazee na shule ambazo zingefurahi zaidi kutembelewa Jumatano kuliko kupokea msururu wa wageni siku moja ya mapumziko.

Kisha weka marufuku moja isiyo na mjadala: asiende mtu kujitolea akitokea moja kwa moja zamu ya usiku. Utafiti uliochapishwa Australia mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Mtu kama huyo hafai kuendesha gari la kwenda kituo cha watoto wala kumchoma mtu sindano. Akisisitiza kwamba yuko sawa, mshukuru, kisha mwambie akalale.

Kuna swali utakaloulizwa na wasimamizi wa wodi, na ni haki yao: huyu akienda, nani atabaki na wagonjwa wake? Ikiwa jibu ni kwamba wenzake watagawana mzigo, umewalipisha waliobaki wema wa aliyeondoka. Ndani ya miezi michache kutakuwa na manung'uniko, na manung'uniko ya wodini husambaa haraka. Hospitali zinazofanya vizuri katika hili hutenga saa chache za kazi zenye malipo kwa mwaka kwa kila mfanyakazi anayetaka kujitolea, na hutenga pia fedha za mtu wa kuziba pengo lake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Kama uongozi hauko tayari kulipia pengo, ni afadhali useme wazi kwamba kujitolea kutakuwa nje ya saa za kazi, na upunguze matarajio yako, kuliko kuahidi saa ambazo wodi haiwezi kuzitoa.

Nije kwenye mapendekezo matatu ya mkurugenzi.

La lazima, likatae. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013, chini ya Shirika la Kazi Duniani, uliieleza kazi ya kujitolea kwa alama zinazoeleweka: haina malipo, haina shuruti, na inafanywa kwa ajili ya wengine. Ukiondoa alama ya pili, unachobaki nacho ni kazi ya ziada isiyolipwa. Mkataba namba 29 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1930, unaitaja kazi ya shuruti kuwa ni ile anayodaiwa mtu kwa tishio la adhabu yoyote, ambayo hakujitoa kuifanya kwa hiari yake. Sisemi kwamba kuokota takataka Jumamosi moja kunafika huko, lakini mwanasheria wa chama cha wafanyakazi atajua kuyauliza maswali hayo mawili, na ni heri uwe umeyauliza wewe kwanza. Isitoshe, shuruti huua kile unachotaka kukiotesha. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao 1999 kuhusu wanafunzi na huduma ya jamii walikuta kwamba wale ambao hawakuwa na hamu tangu mwanzo, walipolazimishwa, nia yao ya kujitolea siku za mbele ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao waliopewa kuchagua. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Wanasaikolojia walikuja kuipima.

Tathmini ya mwaka ni shuruti iliyovaa suti. Fikiria muuguzi anayelea mama mgonjwa na watoto watatu, hana hata saa moja ya ziada. Alama zake zitashuka kwa kosa gani? Mwenzake asiye na mzigo nyumbani atapanda cheo kwa sababu alipata muda wa kupanda miti. Kama mtu mwenyewe anataka kazi yake ya kujitolea iandikwe kwenye faili, iandikwe kwa ombi lake. Isiwe na alama.

Bado niko kwenye sheria kidogo. Angalia sana mpaka kati ya kujitolea kwa jamii na kumfanyia mwajiri kazi ya bure. Marekani, kwa mfano, sheria ya viwango vya kazi inasema mtumishi wa taasisi ya umma hawezi kuhesabiwa kuwa anajitolea akiifanyia taasisi hiyohiyo kazi ya aina ileile anayolipwa kuifanya. Kila nchi ina kanuni zake na itakubidi uzisome za kwako, ila kipimo hicho ni kizuri popote. Muuguzi "anayejitolea" saa nne za ziada wodini kwa sababu watu ni wachache, huyo anadaiwa malipo ya saa za ziada. Ukiliweka hilo kwenye kapu la kujitolea, wafanyakazi watakuelewa mara moja, na hawatakuamini tena.

Posho ni suala gumu zaidi, kwa kuwa inaonekana kuwa ya haki. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kufumbua, malipo yalipoondolewa, walipunguza muda wa kuyachezea kwa hiari yao kuliko walivyokuwa wakifanya mwanzoni. Mwaka uliotangulia, Richard Titmuss wa Uingereza alikuwa ametoa hoja kwamba kulipia damu kunaweza kuharibu moyo wa kuitoa, na wachumi wengi walimpinga. Hoja hiyo ilipojaribiwa Uswidi na matokeo kuchapishwa 2008, mambo yalikuwa ya kuvutia. Wanawake waliombwa kuwa wachangiaji damu bila malipo, na kama nusu yao wakakubali. Wengine walipoahidiwa fedha, waliokubali walishuka chini ya theluthi. Kundi la tatu lilipoahidiwa fedha ileile pamoja na ruhusa ya kuielekeza kwenye hisani, idadi ikarudi pale pale pa mwanzo. Kwa wanaume tofauti hazikuwa kubwa.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. Posho ya ushiriki usiitoe, maana siku bajeti ikikatwa watu wataondoka nayo, na hata kabla ya hapo wataanza kulinganisha posho ya kutembelea wazee na ile ya semina. Lakini gharama zirudishe zote: nauli, chakula kama kazi inavuka saa za mlo, muda wa maongezi wa anayepiga simu za uratibu, glovu, maji. Kumrudishia mtu alichotumia si kumlipa. Mhudumu wa usafi ambaye nauli ya kwenda na kurudi inamuuma hatajitolea kamwe usipolitatua hilo, na programu yako itabaki ya wenye magari. Na kama uongozi una fedha inayotaka kutoka, iambatanishe na saa za watu kwa njia nyingine: wafanyakazi wakifikisha saa kadhaa katika kituo fulani, hospitali inakichangia kituo hicho kiasi fulani, na waliojitolea ndio wanaoamua kinunuliwe nini.

Ukishasafisha njia hivyo, ndipo uombe. Neno ni kuomba, kwa mdomo, mtu kwa mtu. Watu wanaojitolea wakiulizwa walianzaje, wengi husema kuna mtu aliwaomba. Bango haliombi. Lakini usiombe wewe, na asiombe msimamizi, kwa kuwa ombi la bosi lina harufu ya amri hata likitolewa kwa tabasamu. Mtafute mtu mmoja katika kila idara ambaye wenzake wanampenda, huyo anayejua nani amefiwa na nani amejifungua. Yeye aseme: "Alhamisi naenda shule ile kuwafundisha watoto huduma ya kwanza, nahitaji mtu mmoja wa kunisaidia, utakuja?" Ombi lenye siku, mahali, muda na sababu ya kumtaka yeye hasa ni vigumu kulipuuza, na ni rahisi kulikataa kwa adabu. Yote mawili ni muhimu.

Hapa naomba ukae nami kidogo, maana ndipo programu nyingi za hospitali zinapojikwaa. Mnadhani kwamba kwa kuwa ni wafanyakazi wa afya, basi watajitolea katika afya. Wengine watapenda hivyo kweli. Lakini muuguzi wa wodi ya saratani ambaye wiki nzima ameshika mikono ya wanaoumia, huenda siku ya mapumziko anataka kufundisha watoto mpira, kupaka rangi ukuta wa darasa, au kuimba. Muhimu ni walichokikuta watafiti wa Marekani waliochapisha orodha yao 1998: watu hujitolea kwa sababu za namna sita. Wapo wanaofuata imani na maadili yao, wanaotaka kujifunza, wanaotafuta watu wa kuwa nao, wanaojenga njia ya kazi, wanaotaka kupunguza mzigo wa moyo, na wanaotaka kujiona wana thamani. Daktari kijana anaweza kuwa na sababu ya nne na mzee wa stoo akawa na ya tatu. Kazi ileile haitawafaa wote.

Upande wa pili wa jambo hilo: nusu ya hospitali si madaktari wala wauguzi, na programu nyingi huwasahau. Mhasibu wenu anaweza kukaa na kikundi cha akina mama akawaonyesha namna ya kufunga hesabu za mwezi. Fundi wa vifaa tiba anaweza kurekebisha viti vya magurudumu vilivyolala uani kwa watu. Mpishi anajua kupika kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari kuliko kitabu chochote cha lishe. Mtunza kumbukumbu anaweza kumsaidia mzee kupanga vyeti na karatasi zake za matibabu ambazo amezifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ukiwaita hawa kwa ufundi wao, wasiwe wabeba meza za madaktari, utashangaa watakavyokuja.

Wasiwasi wako utakuwa uchovu, na uko sahihi. Shirika la Afya Duniani katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa limeutambua uchovu wa kazi kama hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa: nguvu kuisha, mtu kujitenga na kazi yake au kuichukia, na kuona hafanikishi kitu. Kuna ushahidi kwamba kutoa muda kunaweza kumpa mtu nafuu ya namna fulani; majaribio yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba waliotumia muda mfupi kumsaidia mtu mwingine walijihisi wana muda mwingi zaidi, si mchache, kuliko waliojitumia wenyewe muda huo. Ni jambo la kufurahisha kulijua. Lakini usilitumie kuuza programu yako kama tiba. Mtu aliyechoka kwa sababu wodi ina wauguzi wachache anahitaji wauguzi waongezwe. Akiambiwa dawa yake ni kwenda kufanya kazi nyingine bure, ana haki ya kukasirika.

Kuhusu kazi gani mfanye, msiamue mezani. Azimio la Alma-Ata la 1978, lililotolewa na mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, liliweka wazi kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya, na bado hadi leo hospitali hupenda kupeleka inachokijua yenyewe. Sheria ya afya ya Marekani ya 2010 iliziwekea hospitali zisizo za faida sharti la kuchunguza mahitaji ya jamii yao kila baada ya miaka 3. Wewe huhitaji sheria kufanya hivyo. Wapeleke watu wawili wakaulize shule, viongozi wa mtaa, nyumba za ibada na kituo cha wazee wanahitaji nini, na wasikilize bila kuahidi. Jibu linaweza kuwa kitu ambacho hamkukifikiria kabisa, kama mtu wa kuwasindikiza wazee kliniki.

Nina neno kuhusu siku za kupima afya, kwa kuwa najua zimo kwenye orodha yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja wana shinikizo la juu la damu na wanaokaribia nusu hawalijui, kwa hiyo kupima kuna maana. Lakini kumpima mtu, kumwambia namba ya kutisha, kisha kufunga mahema na kuondoka ni kumwachia hofu bila njia. Kama hamjapanga nani atampokea kesho yake, kwa gharama ya nani, na nani atampigia simu asipofika, msipime. Ningependelea zaidi mfundishe. Moyo ukisimama ghafla nje ya hospitali, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, na wanaokuwa karibu kwa kawaida ni ndugu na majirani, si wauguzi. Kubonyeza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 na kisizidi 6 kwa mtu mzima, ni ujuzi unaofundishika alasiri moja. Unabaki mtaani baada ya ninyi kuondoka, na hata mlinzi wa lango lenu akipata mafunzo anaweza kusaidia kuufundisha.

Mipaka iandike mapema, ukurasa mmoja unatosha. Mfanyakazi asitoe tiba nje ya leseni yake, na ujue kabla ya siku yenyewe kama bima ya dhima inamfuata nje ya hospitali au inaishia langoni. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi. Asitumie ziara kuwavutia watu waje kutibiwa kwenu. Asipige picha za watoto au wagonjwa bila ridhaa. Na siri ya mgonjwa inamfuata kila mahali. Hili lina mtego mdogo ambao wengi hawauoni: mfanyakazi anamkuta shuleni mama aliyemhudumia wodini na kumwuliza kwa upendo kabisa, mbele ya watu, "Unaendeleaje baada ya ile operesheni?" Wafundishe kumwacha mgonjwa ndiye aanze salamu, na kutotaja hospitali asipoitaja yeye.

Pongezi pia zinahitaji akili. Orodha ya majina ya waliojitolea ikibandikwa ubaoni, kila mtu anaisoma kama orodha ya wasiojitolea. Barua fupi inayotaja jambo halisi, "mwalimu mkuu anasema watoto bado wanakuulizia," itatunzwa kwenye droo kwa miaka. Mkurugenzi naye akitaka kuonyesha mfano, aende kama mtu wa kawaida, apangiwe kazi na kiongozi wa kikundi, abebe ndoo, na mpiga picha abaki ofisini. Watu watajua. Hospitali haina siri kama hiyo.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi peleka mpango mdogo. Chagua wodi moja yenye zamu, idara moja isiyo ya kitabibu, na mshirika mmoja nje, labda shule. Omba mambo matatu tu kwa uongozi: nafasi zitangazwe kabla ya ratiba, gharama zirudishwe, na pengo la wodini lilipiwe. Jipe miezi sita. Mkurugenzi atataka idadi ya waliojitokeza na saa zao, mpe, ila weka juu ya hizo namba nyingine mbili: wangapi walirudi mara ya pili bila kuombwa, na wangapi kati yao ni watu wa zamu. Mshirika wenu naye aulizwe faragha, na mtu asiye wa hospitali, kama angependa muendelee au mmekuwa mzigo kwake. Na wale sita wa mwanzo uwaite kabla hujaandika chochote, hasa wale wawili wasio wa ofisini, uwaulize waliwezaje kupata nafasi.